Nimeifungua giaboksi ya auto ya IST mpaka kipande cha mwisho: nilichokikuta ndani (uzi mrefu)

Spana ya Chang'ombe (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Mimi ni fundi hapa Dodoma, mwaka wa 17 huu. Giaboksi ya manyuali naifungua na kuifunga hata umeme ukikatika katikati ya kazi. Lakini za auto, kwa miaka yote hiyo nimefanya kile tunachofanya mafundi wengi. Gari ikija inateleza gia, namwambia mwenyewe "giaboksi imekufa, tafuta nyingine". Anatuma hela Dar, mtumba unapandishwa basi, tunafunga, na ile ya zamani inaondoka na watu wa chuma chakavu.

Mwezi wa sita akaja mama mmoja, mwalimu wa sekondari, na gari lake, Toyota IST. Nikampa jibu lile lile. Akaniuliza, "Fundi, kilichokufa humo ndani ni nini?" Nikasema giaboksi. Akasema, "Giaboksi ni sanduku. Ndani ya sanduku kimekufa nini?" Sikuwa na jibu. Alinunua nyingine kwa sababu gari ndiyo inayompeleka kazini, tukamfungia, na siku anaondoka akaniambia, "Ile ya zamani baki nayo. Ukishajua kilichoiua, nipigie."

Swali lile lilinikosesha raha. Watu wangapi nimewatoza hela kwa ugonjwa ambao sikuujua jina? Basi nimeiweka mezani na nimeanza kuifungua. Nitakuwa naleta hapa kidogo kidogo kadiri ninavyokwenda, maana najua wenzangu wengi humu tuko katika hali ile ile.

Taarifa za mgonjwa: IST ya injini ya 1NZ, giaboksi U340E, gia nne za mbele. Dalili alizokuja nazo naomba mzishike vizuri, tutazihitaji huko mbele: gia ya kwanza safi, ya pili safi, rivasi safi. Ikifika pa kuingia ya tatu, injini inapiga kelele, mshale wa rev unapanda, gari inabaki inaelea. Mwalimu alikuwa anaenda kazini kwa gia mbili tu.

KizotaSpea

Naweka kambi hapa. Mkuu, usisahau picha.

MzeeKibaigwa

Mimi dereva wa malori, siku hizi nimepumzika. Auto kwangu ni kitu cha ajabu tangu nilipokiona mara ya kwanza. Endelea kijana, tunakusoma.

Spana ya Chang'ombe

Shikamoo mzee wangu.

Siku ya kwanza. Nilijifungia stoo, maana upepo wa Julai hapa kwetu mnaujua, na vumbi jekundu likiingia kwenye kazi hii umeharibu kila kitu. Nikamwagia maji sakafu, nikatundika kitenge mlangoni. Nikakusanya trei za mayai kama kumi hivi. Hizo trei ndizo zilizoniokoa, nitaeleza.

Kwanza mafuta. Haya ya giaboksi hii, aina ya T-IV, yakiwa mapya ni mekundu, yanaangaza kama juisi ya rozela. Ya mwalimu yalitoka kahawia inayoelekea nyeusi, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichoungua. Siyo harufu ya mafuta ya injini. Inafanana na breki za lori lililoshuka mlima kwa muda mrefu.

Nikafungua sinia la chini. Ndani ya sinia kuna sumaku ndogo zilizowekwa na kiwanda ili zinase vumbi la chuma. Zilikuwa zimefunikwa na tope la kijivu, laini, ukilisugua kwa vidole halikwaruzi. Hapo nikapata nguvu kidogo. Tope laini ni uchakavu wa kawaida. Ningekuta vipande vinavyochoma vidole, ningejua kuna gia au beringi imevunjika. Lakini pembeni ya sumaku, kwenye kona ya sinia, kulikuwa na punje nyeusi ambazo sumaku haikuzishika. Nikaziweka kwenye trei, tundu namba moja. Sikujua ni nini wakati huo.

Tuanzie mbele, kwenye toki kenveta, lile boga la chuma linalokaa kati ya injini na giaboksi. Kwa kuwa hii ni ya kusomea, nililikata kwa grenda kwenye mstari wa kuchomelea. Ndani kuna vitu vitatu vyenye mapanga mapanga. Cha kwanza kimeunganika na ganda lenyewe, na ganda linazunguka na injini. Cha pili kinaangaliana nacho, hakigusani nacho kabisa, na ndicho kilichoshika shafti ya kuingia kwenye giaboksi. Cha tatu kidogo kimekaa katikati yao.

Jaribu hivi nyumbani: jaza ndoo maji, koroga kwa mkono kwa nguvu, toa mkono, kisha weka kata juu yake. Kata itazunguka na wala hakuna aliyeishika. Injini inakoroga mafuta, mafuta yanazungusha shafti. Ndiyo maana gari ya auto inasimama kwenye taa ikiwa imo kwenye D na injini haizimi: mafuta yanakubali kuteleza, chuma kisingekubali.

Kile cha katikati ndicho kilichonifanya nikae chini. Mafuta yakitoka kwenye panga la pili yanarudi yakiwa yanazunguka kinyume, yangeipinga injini. Hiki cha katikati kinayageuza yarudi kwa mwelekeo wa kusaidia. Kimefungwa juu ya beringi inayokubali kuzunguka upande mmoja tu. Gari ikiwa inaondoka, kinagoma kurudi nyuma, na nguvu inayofika kwenye shafti inakuwa kubwa kuliko iliyotoka kwenye injini, mpaka kukaribia mara mbili. Gari ikishachanganya, kinaachia kinazunguka na wenzake. Hakuna kompyuta inayokiamuru.

Aliyebuni kutumia mafuta hivi alikuwa Mjerumani, Hermann Föttinger, na alichukua hati yake mwaka 1905. Alikuwa anatafuta namna ya kuunganisha injini na propela za meli. Magari yaliyouzwa kwa wingi na gia za auto kamili yalikuja baadaye sana, Oldsmobile za Marekani za mwaka 1940.

Dereva Manyoni

Mkuu hapo kwenye ndoo na kata nimekuelewa. Swali. Mwaka juzi auto yangu ilizima nikiwa natoka Manyoni, nikavutwa kwa kamba mpaka Dodoma mjini, gia nimeweka N. Baada ya hapo giaboksi haikukaa sawa tena. Fundi aliniambia ni bahati mbaya tu. Je, ni kweli?

Spana ya Chang'ombe

Pole sana ndugu yangu. Hapana, siyo bahati mbaya.

Nyuma ya toki kuna pampu ya mafuta. Inazungushwa na shingo ya toki yenyewe, yaani inazungushwa na injini. Injini ikizima, pampu imesimama. Magurudumu ya mbele yakiburutwa barabarani yanaendelea kuzungusha gia za ndani, na hakuna tone la mafuta linalopelekwa juu. Kwa umbali ule zilikuwa zinasagana kavu. Gari kama IST, inayovutwa na magurudumu ya mbele, ikiharibika ipandishwe juu ya gari la kubebea au inyanyuliwe mbele.

Na hapo hapo kuna jibu la kwa nini auto huwezi kuiwasha kwa kuisukuma. Klachi za ndani zinabanwa na presha ya mafuta. Pampu haizunguki, presha hakuna, klachi hazishiki, kwa hiyo magurudumu hayana njia ya kuizungusha injini. Mtasukuma mpaka Nzuguni.

Kwa mafundi: wakati wa kufunga, shingo ya toki ina sehemu mbili zilizochongwa ambazo lazima ziingie kwenye gia ya pampu. Toki ikiwa haijakaa mpaka mwisho, na wewe ukaanza kukaza bolti za giaboksi na injini kwa nguvu, unaivunja pampu kabla gari haijawaka. Sukuma huku unaizungusha taratibu, utaisikia inadondoka ndani kwa hatua. Ikikaa, inazunguka kwa mkono bila kulalamika.

Binti Fundi

Habari kaka. Nasoma ufundi magari hapa Dodoma, mwaka wa pili. Tumefundishwa gia za sayari kwa mchoro ubaoni na mimi sikuelewa, nimefaulu kwa kukariri. Naomba utakapofika hapo usipite haraka.

Spana ya Chang'ombe

Dada yangu, sitapita haraka. Hapo ndipo nimekaa siku tatu.

Kwenye manyuali, tuliyoizoea, kila gia ya mbele ina jozi yake ya meno, na wewe kwa mkono unachagua jozi ipi ishikane na shafti. Nilitegemea kukuta kitu kama hicho. Nilichokuta ni mafungu mawili tu ya gia, yamekaa mstari mmoja, kila fungu linaingia kwenye viganja vya mikono. Gia nne na rivasi zote zinatoka humo.

Fungu moja lina sehemu tatu. Katikati kuna gia moja, tuiite jua. Kuizunguka kuna vigia vidogo, sayari, vyote vimeshikiliwa kwenye fremu moja. Nje ya vyote kuna ringi kubwa yenye meno upande wa ndani. Zote zimeshikana meno muda wote. Hakuna inayoingia wala kutoka.

Nilichukua fungu la kwanza nikaliweka mezani juu ya gunia. Nikashika ringi isizunguke, nikazungusha jua kwa mkono. Ile fremu ya sayari ikaanza kuzunguka, upande ule ule, lakini taratibu. Nikachora alama kwa chaki nikahesabu. Jua karibu mizunguko mitatu, fremu mmoja. Kitabu cha giaboksi hii kinasema gia ya kwanza ni 2.847, ndiyo hiyo niliyoihesabu kwa chaki.

Kisha nikachukua fungu la pili, nikashika fremu, nikazungusha jua. Ringi ikazunguka KINYUME. Nilirudia mara nyingi sana mpaka kijana wangu wa gereji akaja kuangalia kama niko salama. Kwenye manyuali, ili upate rivasi unaingiza gia ya tatu katikati ya mbili ili igeuze mwelekeo. Hapa hakuna kinachoongezwa. Unashika kile ambacho mwanzo ulikiacha huru, basi, gari inarudi nyuma.

Kwa hiyo dada, sahau neno "kubadilisha gia" kwa muda. Humu gia hazibadilishwi. Kinachobadilika ni nani anasukumwa na nani anashikwa asizunguke. Anayesukuma ni klachi. Anayeshika ni breki. Yote mengine yaliyomo ndani ya sanduku lile, pampu, mafuta, valvu, waya, kazi yao ni kuamua nani ashikwe saa ngapi.

Binti Fundi

Kaka nimeelewa kwa mara ya kwanza. Kesho nikipata kibali naomba nije nilizungushe mwenyewe.

Spana ya Chang'ombe

Karibu sana. Njoo na daftari, na nguo ambayo hutaionea huruma.

Sasa fumbo, na naomba wadau mjaribu kabla sijasema. Mafungu haya mawili yameunganishwa kimsalaba: fremu ya la kwanza imeshikana na ringi ya la pili, na ringi ya la kwanza imeshikana na fremu ya la pili. Kuna klachi tatu, C1, C2, C3. Kuna breki tatu, B1, B2, B3. Kuna beringi mbili za upande mmoja, F1 na F2. Nawapa zile zinazobeba kazi:

Gia ya kwanza, C1 inasukuma na F2 inashika. Ya pili, C1 inasukuma, B2 na F1 zinashika jua la fungu la nyuma, uwiano 1.552. Ya tatu, C1 na C2 zinasukuma kwa pamoja, kwa hiyo mafungu yote yanazunguka kama kipande kimoja cha chuma, uwiano 1.000. Ya nne, C1 inaachia, inabaki C2 inasukuma na B1 inashika, 0.700, hapo shafti ya kutoka inakwenda kasi kuliko ya kuingia. Rivasi, C3 na B3, uwiano 2.343.

Rudini kwenye dalili za gari la mwalimu. Kwanza sawa, pili sawa, rivasi sawa. Tatu hakuna.

KizotaSpea

Kompyuta au solenoidi, zile valvu ndogo za umeme zinazofungua na kufunga njia za mafuta. Gia nyingi zikigoma huwa ni umeme.

Binti Fundi

Ni C2. C1 ni nzima kwa sababu ya kwanza na ya pili zinaitumia. C3 na B3 ni nzima kwa sababu rivasi ipo. Ya tatu inahitaji C1 na C2, na C1 tayari tunajua inafanya kazi. Kama ni C2 basi hata ya nne isingekuwepo.

Spana ya Chang'ombe

Dada yangu, umemaliza. Na ya nne haikuwepo kweli, mwalimu hakuwahi kuifikia.

KizotaSpea, wazo lako si baya, na nililipima kwanza. Solenoidi za kuwasha na kuzima za giaboksi hii zinapaswa kusoma kati ya omu 11 na 15 zikiwa baridi. Nilizipima kwa mita moja moja na zilikuwa ndani ya hapo. Hilo halimalizi kila kitu, solenoidi inaweza kusoma vizuri na bado ikakwama kwa uchafu, kwa hiyo nilizipa umeme nikasikiliza. Kila moja ililia "tik". Nikaendelea.

Nikachukua klachi ya C2 kama ilivyo, kabla ya kuifungua, na kompresa. Kuna tundu dogo ambalo mafuta huingilia. Ukilipulizia upepo, pistoni ya ndani inasukumwa na kubana pleti. Nilianza na C1 ili nijue nzima inaliaje: "DUP!" Sauti nzito, moja, unaisikia mpaka kwenye vidole. Nikaja kwa C2. "Pssssssss." Upepo wote unatoroka, pistoni imesogea kidogo tu kisha ikarudi.

Nikabana springi. Kifaa cha kubania sina, nilitengeneza kwa bapa mbili za chuma na bolti ndefu. Nikatoa klipu, nikafungua. Pleti za C2 zimepangwa kwa kupishana, moja ya chuma tupu, moja yenye utando kama karatasi ngumu uliogandishwa pande zote mbili. Utando ule ukiwa mzima una rangi ya kahawia iliyopauka na ukiubonyeza kwa ukucha unatoa mafuta. Huu ulikuwa mweusi. Kwenye pleti mbili ulikuwa umeshaondoka kabisa, chuma kwa chuma, na zile za chuma zilikuwa na madoa ya bluu ya kuungua. Nikaenda kwenye trei ya mayai, tundu namba moja. Zile punje nyeusi zilikuwa utando huu.

Hapo ningeweza kusema nimepata muuaji. Lakini pleti hazijiunguzi. Pleti ikibanwa kwa nguvu haitelezi, na isipoteleza haiungui. Nani aliacha kuibana? Nikatoa pistoni. Ukingoni mwake kuna ringi ya mpira, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Mpira mzima unaukunja unarudi. Huu ulikuwa mgumu kama plastiki ya dumu lililokaa juani, na sehemu moja umepasuka.

Basi hadithi yake ni hii. Mafuta yalikaa miaka mingi bila kubadilishwa, maana mwalimu aliwahi kuambiwa mahali kwamba mafuta ya giaboksi ya auto hayabadilishwi maisha. Mafuta yakachoka, joto likapanda, mpira ukakauka. Mpira ulipokauka presha ikaanza kuvuja. Pistoni ikabana kwa nguvu nusu. Pleti zikateleza, zikaungua, unga wao ukaingia kwenye mafuta yale yale na kuyachafua zaidi. Gia zote zilikuwa nzima. Meno hayana hata mkwaruzo.

MzeeKibaigwa

Ringi ya mpira.

Nimenyamaza hapa muda mrefu. Mwaka mmoja niliuza gari la familia kwa bei ya hasara kwa sababu ya giaboksi "iliyokufa".

KizotaSpea

Mkuu kazi yako naiheshimu, ila tuseme ukweli wa biashara. Mteja anataka gari kesho. Giaboksi ya mtumba inafungwa ndani ya siku moja au mbili. Wewe umekaa wiki ngapi? Na seti ya ringi na pleti ukiiagiza Dar unaweza kuletewa ya modeli nyingine. Mimi nauza spea, nayaona haya kila siku. Na sio kila fundi ana chumba kisicho na vumbi.

Spana ya Chang'ombe

Uko sahihi kwenye mengi, na sisemi kila mtu aanze kufungua kesho. Kuna giaboksi ambayo ukikuta gia zimekatika meno, mtumba ndiyo njia. Mwalimu mwenyewe hakuwa na muda wa kunisubiri.

Ninachokataa ni kumwambia mtu imekufa bila kujua. Kuvuta kijiti cha mafuta na kunusa ni dakika moja. Kufungua sinia na kuangalia sumaku ni saa moja. Kuuliza "ni gia ipi inagoma na zipi zinafanya kazi" ni bure, na dada yetu hapo juu ametaja klachi iliyoungua bila kuligusa gari. Na hiyo ya mtumba unayoifunga, nayo ina ringi zile zile za mpira, za umri ule ule. Ukiifunga bila kumwaga mafuta yaliyomo na kusafisha chujio, unamwekea mteja saa inayohesabu kurudi nyuma.

Kuhusu valvu bodi, nitasema kidogo tu kwa sababu bado naisoma. Ni bamba la aluminiamu lenye njia za mafuta zinazopinda kama vichochoro vya Majengo, ndani yake valvu ndogo, springi, na vigoroli. Kila kitu kilichotoka nilikiweka kwenye tundu lake la trei ya mayai kwa mpangilio kilivyotoka, na picha nikapiga kila hatua. Pamoja na hayo kigoroli kimoja kilidondoka. Tulikitafuta kwa tochi tangu adhuhuri mpaka adhana ya alasiri, mimi na kijana wangu, kwa magoti, na tulikikuta kwenye ufa wa sakafu karibu na mlango. Bila kile kigoroli ningeifunga na isingefanya kazi, na nisingejua kwa nini. Fungua valvu bodi juu ya sinia lenye kingo, siyo juu ya meza tupu kama nilivyofanya mimi.

Dereva Manyoni

Mkuu, kupima mafuta inapimwaje vizuri? Mimi huwa napima asubuhi injini imezimwa kama ya injini.

Spana ya Chang'ombe

Usipime hivyo, utapata jibu la uongo. Kwa hizi Toyota zenye kijiti: endesha kwanza mpaka mafuta yapate moto vizuri. Simama sehemu tambarare, injini inaunguruma, hendibreki juu, mguu kwenye breki. Pitisha gia taratibu kutoka P mpaka mwisho na kurudi P. Injini ikiwa bado inaunguruma, vuta kijiti, futa, rudisha, vuta tena, soma alama ya moto. Futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Na ukimwaga kwa nati ya chini usishangae zikitoka kama lita tatu tu. Nyingi zimebaki ndani ya toki. Zilizotoka zipime kwenye chupa, rudisha kiasi kile kile. Aina iwe ile iliyoandikwa kwa gari lako. Wenye CVT, giaboksi zenu ni kitu kingine, zina mkanda na puli, msiweke haya mafuta kabisa.

Binti Fundi

Wadau, nilikwenda. Nimezungusha fungu la gia kwa mkono wangu, nimeshika fremu, ringi ikarudi kinyume. Ringi mpya za mpira na pleti za C2 zimefika, zilizoletwa mara ya kwanza hazikuwa zenyewe kama KizotaSpea alivyoonya, ikabidi zirudi. Pleti tumeziloweka kwenye mafuta mapya kabla ya kupanga. Kaka alinipa kompresa mimi. Nilipopuliza C2 ikalia "DUP". Nilishtuka nikaiachia.

Spana ya Chang'ombe

Ndiyo hiyo sauti.

Jana jioni nilimpigia mwalimu. Akaja na gari lake. Nikamwonyesha pleti zilizoungua, nikamweleza kama nilivyowaeleza hapa, kisha nikampa ile ringi ya zamani ya mpira. Akaishika kwa vidole viwili, akaikunja kidogo, ikakatika vipande viwili mkononi mwake. Akauliza ni bei gani. Nikamtajia ya ringi peke yake, kisha nikamtajia ya pleti, mafuta na siku za kazi, ili asidhani ni bei ya ringi tu. Akahesabu kimya kimya kwa vidole. Kisha akasema, "Na hii uliyonifungia juzi, mafuta yake umeyaona?"

Sikuwa nimeyaona. Nilimfungia kama ilivyoshuka kwenye basi. Tukaipandisha jeki pale pale. Yalitoka mekundu yaliyofifia, hayana harufu ya kuungua, na tope kwenye sumaku lilikuwa jembamba. Tumesafisha sinia, tumeweka chujio jipya na mafuta mapya, hela ya kazi sikuchukua.

Ile ya mezani inafungwa Jumamosi. Kuna jamaa wa Nkuhungu ana IST kama hiyo, inateleza kuanzia ya tatu, amekubali tuijaribu kwake. Binti Fundi saa mbili asubuhi uwe umefika, toki utaikalisha wewe.